Nywila Iliyopotea: Uliza Kwanza, Amri Baadaye

 

Jioni hii nataka tuzungumzie jambo linalowakuta wengi wanaotumia kompyuta: kusahau nywila ya faili lako mwenyewe. Sisemi nywila ya barua pepe, ambayo ukibonyeza "nimesahau" unatumiwa njia ya kuweka nyingine. Nasema faili ulilolifunga wewe, liko kwenye diski yako, na hakuna kampuni wala ofisi yenye ufunguo wa akiba. Daftari la mahesabu la kikundi. Hati za kiwanja ulizoziskani. Picha za mzee wenu aliyetangulia mbele ya haki. Umelifunga vizuri, miaka imepita, neno limetoka kichwani. Ufanyeje?

Mafundi wana njia. Wanatengeneza orodha ya makisio, yaani maneno ambayo huenda mojawapo ndiyo nywila, kwa amri fupi zinazoandikwa kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta. Kisha kompyuta inapewa kazi ya kuyajaribu, moja baada ya jingine. Na neno langu la jioni hii, ambalo nitalirudia ili likae, ni hili: orodha nzuri inatoka kwenye kumbukumbu ya mwenye faili. Uliza kwanza. Amri baadaye.

Tuanze na kisa cha kweli.

Huko Ulaya yuko bwana mmoja ambaye vyombo vya habari vilimtambulisha kwa jina la Michael tu. Mwaka 2013 alikuwa na bitcoin 43.6 kwenye pochi ya kidijitali. Nywila ya pochi hiyo hakuitunga kwa kichwa chake. Alitumia RoboForm, programu ya kutunga na kutunza nywila, ikampa herufi na tarakimu 20 zilizochanganywa bila maana yoyote. Kwa kuogopa wadukuzi hakuiacha ndani ya RoboForm. Aliiweka kwenye faili alilolifunga kwa programu nyingine, TrueCrypt. Faili lile likaharibika, na nywila ikaenda nalo.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Nafasi 20, na kila nafasi inaweza kuwa herufi ndogo, herufi kubwa au tarakimu. Idadi ya makisio yanayowezekana ni namba yenye tarakimu 36. Hakuna kompyuta itakayoimaliza. Michael alimwendea Joe Grand, mhandisi wa Marekani anayejulikana kwa kufungua pochi zilizokwama, na Grand akamkatalia. Alipomwendea tena, Grand alikubali, akamshirikisha mwenzake wa Ujerumani anayeitwa Bruno. Wakaichambua RoboForm ya miaka ile, wakakuta udhaifu mkubwa: ilipotunga nywila ilitegemea saa ya kompyuta. Ukiijua tarehe na saa, na ukijua mtumiaji alichagua mipangilio gani, unaipata nywila ileile tena.

Basi swali likawa dogo: ilikuwa lini? Kumbukumbu za pochi zilionyesha kwamba fedha ziliingia katikati ya Aprili 2013. Wakajaribu kuanzia Machi 1 hadi Aprili 20. Hakuna kitu. Wakasogea mbele hadi Juni 1. Hakuna kitu. Wakarudi kwa Michael na maswali: una hakika ulichagua alama, kama nyota na reli, ziwemo kwenye nywila? Bwana hakukumbuka, na kuulizwaulizwa kulimchosha. Lakini alikuwa na nywila nyingine alizozitunga kwa RoboForm mwaka uleule, na mbili kati yake hazikuwa na alama hata moja. Wakaziondoa alama kwenye mipangilio, wakaanza upya. Ikapatikana. Ilikuwa imetungwa Mei 15, 2013, saa 10 na dakika 10 jioni na sekunde 40, kwa saa za Greenwich. Kisa kilipotangazwa mwaka 2024, bitcoin zile zilikuwa na thamani ya karibu dola milioni 3 za Marekani.

Umekiona kilichofungua pochi? Toka Machi 1 hadi Juni 1 ni siku 92, na sekunde zake zote hazifiki milioni 8. Kwa kompyuta ya leo, makisio milioni 8 ni kazi inayobebeka. Ugunduzi wa mafundi ulikuwa mkubwa, sina ubishi. Lakini wangebaki mlangoni kama zile nywila za zamani zisingewaonyesha mazoea ya mwenye mali.

Huenda unajiuliza: kwa nini kukisia? Kwa nini fundi asiingie ndani ya faili akaisoma nywila? Kwa sababu humo ndani haimo. Kompyuta iliyotengenezwa vizuri haihifadhi nywila; inaisaga. Ukipeleka mahindi mashineni unarudi na unga, na unga haurudi kuwa punje. Unga huo wa nywila huitwa hashi. Njia iliyobaki ni kuchukua mahindi mengine, kuyasaga kwenye mashine ileile, na kulinganisha unga kwa unga. Ukilingana, umepata.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, walieleza jinsi nywila zilivyolindwa kwenye mfumo wa Unix. Walichunguza nywila 3,289 za watumiaji, wakakuta zaidi ya nane katika kila kumi ni fupi mno au zimo kwenye kamusi na orodha za majina. Miaka 9 baadaye, Novemba 1988, mtoto wa Morris huyohuyo, Robert Tappan Morris, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti, iliyokuwa bado changa. Mojawapo ya njia zake za kuingia ilikuwa kukisia nywila, na orodha iliyokuwa imeibeba ilikuwa na maneno 432 tu. Maneno 432, msikilizaji! Yalitosha kufungua akaunti nyingi, kwa sababu aliyeyachagua alijua watu wanapenda kuandika nini. Na kijana yule alitiwa hatiani mahakamani.

Hapo nisimame kidogo, maana jambo hili lina mpaka. Ninayoyaeleza jioni hii ni ya faili lako, au la mtu aliyekaa pembeni yako na kukuomba msaada, na una uhakika ni lake. Kuingia kwenye kompyuta au akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa la jinai. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na majirani zetu Kenya wana yao ya mwaka 2018. Ukiletewa simu au laptopu na mtu asiyeweza kueleza ilivyofika mikononi mwake, mrudishie. Ukiombwa na ofisi upime uimara wa nywila za wafanyakazi, taka ruhusa ya maandishi, yenye sahihi.

Tuendelee. Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mama huyu ameandika michango ya wanachama kwenye faili la Excel, akalifunga kwa nywila, na sasa mwaka unaisha, wanachama wanataka mgao. Faili limegoma kufunguka. Fundi mwenye haraka atafanya nini? Atawasha programu, ataiambia ijaribu kila mchanganyiko wa herufi ndogo 8. Je, michanganyiko hiyo ni mingapi? Ni zaidi ya bilioni 208. Na Excel ya kuanzia 2013 inakisaga kila kisio mara 100,000 kabla ya kusema ndiyo au hapana, makusudi kabisa, ili mkisiaji achoke. Tuseme laptopu yako inajaribu makisio 100 kwa sekunde. Utasubiri zaidi ya miaka 66. Wanachama hawatasubiri.

Fundi mwenye busara anaweka kompyuta pembeni, anavuta kiti. "Shikamoo mama. Tusaidiane kukumbuka." Kisha anauliza. Ulilifunga faili mwaka gani? Ulitumia kompyuta au simu? Swali hili la simu lina uzito, kwa sababu simu nyingi zina tabia ya kuikuza herufi ya kwanza zenyewe. Nywila zako huwa zinaanza na jina au na namba? Unapenda kuweka mwaka wa nani, wako au wa mtoto? Ukilazimishwa kuweka alama, kidole chako huenda kwenye alama gani? Uliinakili kutoka mahali fulani na kuibandika, pengine na nafasi moja mwishoni bila kujua? Mama huyu hatakumbuka nywila, lakini atakumbuka mazoea yake, kwa sababu mazoea hayasahauliki haraka.

Tuseme mazungumzo yametoa majina 6 ya watu wa nyumbani, miaka kuanzia 1960 hadi 2010, njia 3 za kuandika jina, yaani herufi ndogo zote, kubwa mwanzoni, au kubwa zote, na miisho 4 anayoipenda. Ukizidisha, unapata makisio 3,672. Kwa laptopu ileile ya makisio 100 kwa sekunde, kazi inaisha kabla dakika moja haijatimia. Linganisha na miaka 66. Narudia: uliza kwanza, amri baadaye.

Na hizo amri sasa? Ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Linux andika seq, acha nafasi, 1960, acha nafasi, 2010, bonyeza ingiza. Miaka yote 51 itashuka mbele yako, kila mmoja kwenye mstari wake. Kuna programu inaitwa crunch. Andika crunch, nafasi, 9, nafasi, 9, nafasi, kistari na herufi t, nafasi, kisha amina, na mbele yake alama nne za asilimia bila kuacha nafasi. Kila alama ya asilimia inashika nafasi ya tarakimu moja. Utapata mistari 10,000, kuanzia amina0000 hadi amina9999. Crunch ina adabu moja ninayoipenda sana: kabla ya kuanza inakuambia orodha itakuwa kubwa kiasi gani. Soma hapo! Zile herufi ndogo 8 nilizozitaja, ukiziandika zote kwenye faili, zitakula karibu terabaiti 2 za diski. Ndiyo maana wazoefu hawaandiki orodha kubwa kwenye diski. Wanatumia ule mstari wima wa kwenye kibodi kuyapitisha makisio moja kwa moja kutoka programu inayoyatunga kwenda programu inayoyajaribu.

Programu za kujaribu zinazojulikana zaidi ni mbili. Moja ni John the Ripper, aliyoianzisha Alexander Peslyak mwaka 1996. Nyingine ni hashcat ya Jens Steube, ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2015. Zote mbili hazikomei kujaribu, zinatunga pia. Unazipa jina moja pamoja na kanuni fupi: kuza herufi ya kwanza, ongeza 1 mwishoni, geuza a kuwa alama ya barua pepe. Jina moja linazaa ukoo mzima. Ukitaka kuona tu watoto wake bila kujaribu chochote, unaongeza neno stdout, na orodha inashuka kwenye skrini uisome. Isome kweli. Ukiona mistari ambayo mama katibu angesema "mimi siwezi kuandika hivyo", rudi ukarekebishe kanuni.

Kuna jambo la mpangilio pia. Watu wengi wakitaka kuondoa makisio yanayojirudia wanatumia amri ya sort yenye kistari na herufi u. Inaondoa, lakini inapanga kila kitu kwa alfabeti, na lile kisio ulilolipa nafasi ya kwanza linaweza kuzama mwisho. Kwa orodha fupi si neno. Kwa orodha ya mamilioni, unaweza kusubiri siku nzima kitu ambacho kingepatikana dakika ya kwanza. Mafundi wana mstari mmoja wa awk unaoondoa marudio na kuacha mpangilio kama ulivyo. Mwombe fundi wako akuandikie, uuhifadhi.

Sasa nifike mahali ninapopaona pa muhimu kuliko pote, na ndipo watu wanaparuka: kupima. Kabla ya kuligusa faili la mama katibu, tengeneza faili jipya la Excel, lifunge kwa nywila unayoijua, iweke nywila hiyo katikati ya orodha yako, uendeshe kazi nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Je, imeipata? Kama haijaipata, tatizo liko kwenye zana zako, na lingekuwepo hata kama ungekisia sawasawa. Makosa ya hapa ni madogo na hayaonekani kwa macho. Orodha iliyoandikwa kwenye Windows huweza kubeba alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, na skripti uliyojiandikia mwenyewe ikaichukua kama sehemu ya nywila. Mtu akitaka kutengeneza hashi ya mfano anaandika echo na neno lake, hajui kwamba echo inaongeza mstari mpya mwishoni. Unga unaotoka ni wa neno jingine kabisa. Na John akishafungua hashi mara moja anaikumbuka. Ukirudia jaribio atakuambia hakuna hashi iliyobaki, nawe utadhani amekwama.

Kipimo cha pili ni cha mtu. Mwombe mama akumbuke nywila zake za zamani ambazo hazitumii tena. Asikutajie. Mpe kibodi, azitafute mwenyewe ndani ya orodha uliyoitengeneza. Zimo? Kama orodha yako inazikamata zile za zamani, una sababu ya kuiamini kwa hii iliyopotea. Kama haizikamati, bado hujamwelewa, na jibu ni kurudi kwenye kiti na kuuliza tena. Joe Grand na mwenzake walivuka kizuizi chao hapohapo.

Nisisitize na hili kwa wasikilizaji wa Kiswahili. Kuna orodha moja maarufu sana duniani, iliyotokana na kampuni ya Marekani iitwayo RockYou. Desemba 2009 iliibiwa nywila zaidi ya milioni 32, zote zimehifadhiwa wazi, hazijasagwa, na iliyoongoza kwa kupendwa ilikuwa 123456. Mafundi wengi wanaianza kazi yoyote na orodha hiyo. Lakini ilitoka kwa watu wa mazingira mengine, wenye majina yao na wachezaji wao. Mama katibu wa kikundi ameandika jina la mjukuu, la kata yake, la kwaya, au neno la hamasa la kikundi. Orodha yake itoke kwake. Chukua mihtasari ya vikao aliyoiandika mwenyewe, tumia amri ya tr kuyatenganisha maneno, kila neno mstari wake, kisha uhesabu yanayojirudia zaidi. Humo utakuta majina na maneno ya kata yake ambayo hutayategemea kwenye orodha ya Marekani.

Je, njia hii inafungua kila kitu? Hapana, na fundi mwaminifu aseme mapema. RoboForm ilirekebisha udhaifu ule mwaka 2015. Nywila ya herufi 20 iliyotungwa ovyo na programu nzuri, ikipotea imepotea. Tena kuna vifaa vinavyohesabu majaribio. Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta aishiye Marekani, alieleza mwaka 2021 kwamba ana bitcoin 7,002 ambazo ufunguo wake umo ndani ya kifaa cha IronKey. Kifaa hicho kinaruhusu majaribio 10 tu, naye alikuwa ameshatumia 8. Hapo orodha ya makisio milioni haina kazi. Hata namba ya siri ya laini yako ya simu iko hivyo. Tarakimu 4 ni makisio 10,000 tu, lakini ukikosea mara 3 laini inafungwa. Mtu asikudanganye kwamba ana programu ya kukisia hapo, na usimlipe.

Basi tuseme faili la mama limefunguka, na wanachama watapata mgao wao. Kazi haijaisha. Ile orodha uliyoitengeneza ina majina ya watoto wake, miaka yao, alama anazozipenda, namna anavyofikiri akiwa peke yake na kibodi. Ni siri yake kuliko hata lile faili. Ifute. Futa na faili linaloitwa john.pot, maana humo nywila iliyopatikana imeandikwa wazi bila kusagwa. Futa kumbukumbu za amri ulizoandika kwenye dirisha, kwa sababu jina la mtoto bado limo. Futa faili la hashi na nakala ya Excel uliyoihamishia kwenye laptopu yako. Fanya yote mama akiwa ameketi hapo, akiona kwa macho yake. Kisha aweke nywila mpya ambayo hukuiona, na ageuze skrini upande wake anapoiandika.

Maswali yenu juu ya haya nayapokea kwa njia ile ya kila juma, na nitayajibu hewani bila kutaja jina la mtu. Juma lijalo, saa hizihizi, tutaangalia namna ya kuhifadhi nakala za akiba nyumbani.